Umezaa Wangapi, Walio Hai ni Wangapi?
Historia ya swali la sensa kwa akina mama

Leo hatuzungumzi juu ya homa, wala kuhara, wala chanjo. Tunazungumza juu ya swali moja. Mwanamke wa Magongo huulizwa swali hili mlangoni kwake kila baada ya miaka kumi, na mara nyingi hulijibu huku akijiuliza moyoni: huyu ananiuliza haya ya nini?

Swali lenyewe ni hili. Umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai? Kati yao, wangapi unaishi nao hapa? Wangapi wanaishi kwingine? Na wangapi wamefariki?

Mara ya mwisho liliulizwa katika sensa ya mwaka wa 2019, iliyoanza usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Matokeo yalipotangazwa, Kenya ilikuwa na watu 47,564,296. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na katika hao, Changamwe yetu, pamoja na Magongo, ilikuwa na 131,882. Sensa nyingine inatarajiwa mwaka wa 2029. Kwa hivyo tuna nafasi ya kulielewa swali hili kabla halijabisha hodi tena.

Kwa nini swali hili ni zito

Mama mpenzi, tuseme ukweli. Swali hili si jepesi kama kuulizwa jina au kabila. Wapo wazee wetu wasiopenda watoto wahesabiwe, wakiogopa kijicho. Yupo mama aliyezika mtoto, na kila akitajiwa kidonda hufunguka upya. Yupo aliyezaa kabla ya kuolewa na mume hajui. Na yupo ambaye hajajaliwa kupata mtoto, naye amechoka kuulizwa na majirani, sasa serikali nayo inauliza.

Basi wengi hukata njia ya mkato. Hutaja watoto walio hai peke yao, walio mbele ya macho. Waliofariki hunyamaziwa. Unaweza kuona kwamba hilo halimdhuru mtu. Lakini historia inaonyesha kwamba watoto wale wanaonyamaziwa ndio waliofundisha dunia namna ya kuwalinda walio hai. Tufuatane.

Zamani kilichohesabiwa ni nyumba

Katika miaka ya mwanzo ya ukoloni hapa Kenya, Mwafrika hakuhesabiwa kwa sababu ya afya yake. Alihesabiwa kwa sababu ya kodi. Serikali ilitoza kodi ya nyumba, na kutokana na hesabu ya nyumba ikakisia idadi ya watu. Sensa za mwaka wa 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Wahindi, Waarabu na wengine wasiokuwa Waafrika. Mwenyeji wa nchi alibaki kuwa makisio tu.

Si ajabu basi kwamba watu wetu waliona hesabu kuwa na harufu ya kodi na kazi ya kulazimishwa. Hapa Pwani, Wagiriama wakiongozwa na Mekatilili wa Menza walipinga mambo hayo mawili mnamo 1913 na 1914. Mgeni akija nyumbani na kitabu na kalamu, mtu mwenye busara alificha alichoweza kukificha. Baadhi ya woga tunaouona leo ni urithi wa siku zile.

Mwaka wa 1948 ndipo Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipohesabiwa kwa sensa kamili kwa mara ya kwanza. Kenya ilipatikana kuwa na watu kama milioni 5.4. Pamoja na hesabu hiyo ya jumla, baadhi ya nyumba zilichaguliwa kwa sampuli na kuulizwa maswali zaidi. Wanawake wa nyumba hizo waliulizwa juu ya watoto waliowazaa.

Mtaalamu aliyeyaamini maneno ya akina mama

Mwaka huohuo wa 1948 alifika Afrika Mashariki kijana kutoka Scotland, jina lake William Brass. Alifanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, hadi mwaka wa 1955.

Tatizo lililokuwa mezani lilikuwa kubwa. Wakuu wa afya walitaka kujua watoto wangapi hufariki wakiwa wachanga. Katika nchi za Ulaya, jibu hupatikana kwa kufungua madaftari ya vizazi na vifo. Huku kwetu madaftari hayo hayakuwa kamili. Watoto wengi walizaliwa nyumbani na kuzikwa nyumbani, bila hata karatasi moja. Ukimwuliza mama, "Mwanao alizaliwa tarehe gani? Alifariki akiwa na miezi mingapi?" wengi hawakuweza kukupa tarehe. Baadhi ya wataalamu walikata tamaa wakasema watu hawa hawawezi kuhesabika.

Brass aliliangalia jambo hilo kwa njia nyingine. Aliona kwamba mama anaweza kutojua tarehe, wala umri wake mwenyewe barabara, lakini hasahau tumbo lake. Anajua amezaa wangapi. Anajua amezika wangapi. Je, kwa mambo hayo mawili tu, mtu anaweza kujua hatari inayowakabili watoto wa nchi nzima?

Akapata kwamba inawezekana. Hebu tufanye mfano mdogo. Tuseme tuna wanawake 100 wenye umri wa miaka 30 hadi 34. Kwa jumla wamezaa watoto 300, na katika hao 30 wamefariki. Thelathini kati ya mia tatu ni mmoja kati ya kumi. Brass alionyesha kwamba kwa akina mama wa umri huo, sehemu hiyo, baada ya kurekebishwa kidogo, inakaribia sana hatari ya mtoto kufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa akina mama wa miaka 20 hadi 24, ambao watoto wao bado ni wadogo, inaonyesha hatari ya kufariki kabla ya miaka miwili.

Umeona, mama? Hakuna tarehe. Hakuna cheti. Ni maneno ya mama tu: nimezaa hawa, nimezika hawa. Njia hiyo ilichapishwa katika miaka ya 1960 na kutumiwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mizizi yake iko katika majibu ya wanawake wa Afrika Mashariki.

Lakini angalia sharti lake. Mama akimwacha mmoja aliyefariki, hesabu inasema watoto wako salama kuliko walivyo kweli. Na mahali panapoonekana pako salama hapapelekewi msaada.

Sifuri nayo ni jibu

Mwaka wa 1961 mtaalamu mmoja aitwaye El-Badry aliandika juu ya kosa lililojitokeza katika sensa za nchi nyingi. Makarani wa sensa walipomkuta mwanamke asiye na mtoto, mara nyingi hawakuandika sifuri. Waliacha nafasi tupu. Wengine waliona haya kuuliza, wengine walidhani jibu liko wazi. Baadaye ofisini, nafasi tupu ilimaanisha nini? Je, mwanamke huyu hana mtoto, au hakuulizwa? Hakuna aliyeweza kujua, ikabidi kutafutwa njia ya kuitenganisha sifuri na kimya.

Dada mpenzi ambaye hujapata mtoto, jambo hili linakuhusu. Nafasi tupu inakufuta. Sifuri inakuhesabu. Serikali haiwezi kupanga matibabu ya wanawake wasioshika mimba ikiwa haijui wako wangapi. Basi karani akifika, mwambie bila haya: "Sijazaa." Hilo ni jibu kamili, na halikupunguzii heshima yako.

Tulichojifunza kutokana na majibu hayo

Baada ya uhuru, sensa za Kenya zilifanywa mwaka wa 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019. Majibu ya akina mama yalijenga historia ambayo hakuna kitabu kingine kingeweza kuijenga.

La kwanza ni idadi ya watoto. Sensa ya 1969 ilionyesha kwamba mwanamke wa Kenya angezaa kwa wastani watoto 7.6 katika maisha yake. Ile ya 1979 ilionyesha karibu wanane, wastani uliokuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Tangu hapo umekuwa ukishuka, kwa sababu wasichana wengi wamesoma, huduma za uzazi wa mpango zimeenea, na wazazi wengi wameona watoto wao wakikua. Kufikia sensa ya 2019 wastani ulikuwa 3.4. Tarakimu hizi si amri kwamba uzae wangapi. Hilo ni lako na mwenzako. Lakini bila tarakimu hizi, atakayepanga wodi za kujifungulia, chanjo na madarasa ya chekechea atakuwa anapiga ramli.

La pili ni uhai wa watoto. Siku za kupata uhuru, karibu mtoto mmoja kati ya watano hakufika miaka mitano. Sensa ya 1979 ilipochambuliwa, ilionekana wazi kwamba hatari haikuwa sawa kila mahali. Watoto wa Nyeri walikuwa salama zaidi. Watoto wa sehemu za Nyanza, na wa Kilifi hapa Pwani, walikuwa wakifariki kwa wingi. Mama wa Kilifi hakuwa mzembe kuliko mama wa Nyeri. Malaria, umaskini na umbali wa hospitali havikugawanywa sawa.

Kilifi hiyohiyo ndiko ulikofanywa, kati ya 1993 na 1995, utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwaandika waliozaliwa na waliofariki. Matokeo yalitolewa mwaka wa 1996: katika vijiji vilivyopewa vyandarua, vifo vya watoto vilipungua kwa thuluthi moja. Chandarua unachopewa leo kliniki kimepitia katika ushahidi wa namna hiyo. Ushahidi huo ulipatikana kwa sababu kila mtoto aliandikwa, aliyeishi na aliyefariki.

Kati ya sensa na sensa, hufanywa pia tafiti za sampuli ambazo humwuliza mama kwa undani zaidi. Hizo zilituonyesha jambo la kuogofya. Mwaka wa 1989 walikuwa wakifariki watoto kama 90 kwa kila 1,000 kabla ya miaka mitano. Mwaka wa 2003 walikuwa 115. Badala ya kushuka, vifo vilikuwa vimepanda, katika miaka ambayo UKIMWI ulienea na malaria ikazoea dawa ya klorokwini. Baada ya hapo dawa zilibadilishwa, vyandarua vikagawanywa na akina mama wakaanza kupimwa wakiwa wajawazito. Kufikia mwaka wa 2022 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 41.

La tatu ni uhai wa mama mwenyewe. Sensa ya 2009 iliuliza pia kama kuna mwanamke wa nyumba hiyo aliyefariki akiwa mjamzito, akijifungua au muda mfupi baadaye. Uchambuzi wa majibu hayo ulionyesha kaunti ambazo akina mama walikuwa hatarini zaidi, Mandera ikiwa mbele. Mwaka wa 2015 kaunti sita zilichaguliwa kupewa msaada wa kwanza: Mandera, Wajir, Marsabit, Isiolo, Migori, na Lamu yetu ya Pwani. Mtu fulani katika kila nyumba ile alikubali kulitaja jina la marehemu.

Chumba kwa chumba, Magongo

Sasa turudi hapa mtaani. Nyumba nyingi za Magongo ni za vyumba vya kupangisha, ukumbi mmoja na milango mingi. Kwa hesabu ya sensa, kila wanaokula chungu kimoja ni watu wa nyumba moja, hata wakiwa chumba kimoja tu kati ya kumi. Kwa hivyo usikubali jirani au mwenye nyumba akujibie. Anajua kodi yako. Hajui watoto wako.

Tena wengi wetu tumekuja kutafuta riziki: bandarini, viwandani, uwanja wa ndege, au vibarua vya hapa na pale. Watoto tumewaacha kwa nyanya zao, Kilifi, Kwale, Taita, Ukambani au bara. Ndiyo maana swali limegawanywa. Mtoto aliyeko kwa nyanya anaandikwa hapa kuwa ni mwanao anayeishi kwingine, na kule kwa nyanya anahesabiwa kuwa ni mtu wa nyumba ile. Hahesabiwi mara mbili. Hapa tunahesabu uzazi wako, kule tunahesabu mkaaji.

Nanyi nyanya na shangazi mnaolea, jihadharini na jambo moja. Mjukuu unayemlea si mtoto uliyemzaa, ingawa anakuita mama. Mtaje kuwa ni mkaaji wa nyumba yako, lakini swali la uzazi ujibu kwa tumbo lako mwenyewe.

Karani wa sensa na muuguzi wa kliniki

Akina mama wengi huchanganya maswali ya watu hawa wawili, kwa kuwa yanafanana. Tuyatenganishe.

Karani wa sensa anataka watoto waliozaliwa hai. Mtoto aliyelia, au aliyevuta pumzi hata dakika chache kisha akafariki, alizaliwa hai. Mtaje kati ya waliozaliwa, kisha mtaje kati ya waliofariki. Mimba iliyoharibika, au mtoto aliyezaliwa tayari amefariki, haingii katika hesabu hii.

Muuguzi anataka yote. Ukienda kliniki ya wajawazito, Port Reitz au kwingineko, atakuuliza hii ni mimba ya ngapi, ngapi ziliharibika, kama uliwahi kuzaa mtoto aliyefia tumboni, kama ulipasuliwa, kama ulitokwa na damu nyingi. Usimfiche hata moja. Yaliyokupata katika mimba iliyopita yanaweza kujirudia, naye akijua mapema ataweza kukushauri ujifungulie mahali penye daktari na damu. Jibu utakalompa karani litawafaa watu wengi baada ya miaka kadhaa. Utakalompa muuguzi linaweza kukuokoa wewe mwezi huu.

Lipo na la tatu, nalo ni kuandikisha. Mtoto akizaliwa hospitalini, hospitali hutoa taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu apelekewe habari. Fanya hivyo kabla ya miezi sita kwisha, ili usiingie katika usumbufu wa kuchelewa. Vifo navyo viandikishwe, hata vya wachanga.

Siri yako

Karani wa sensa huapishwa kutunza siri. Sheria ya Takwimu ya mwaka wa 2006 inakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Kinachochapishwa ni jumla: Changamwe wangapi, Mombasa wangapi. Majibu yako hayapelekwi kwa mumeo, wala kwa mama mkwe, wala kwa mtoza kodi.

Hata hivyo tunajua kuta za vyumba vyetu ni nyembamba. Ikiwa kuna mtoto usiyetaka kumtaja mbele ya watu, mwombe karani mzungumze kando. Na nyinyi akina baba, karani akifika kwenye maswali ya uzazi, mwacheni mama ajibu mwenyewe. Hata baba mwenye mapenzi makubwa huweza kumsahau mtoto aliyeishi siku mbili miaka kumi na tano iliyopita. Mama hamsahau.

Na ikiwa swali litakuliza machozi, lia. Karani atangoja. Mtoto uliyemzika hakuishi bure. Aliwahi kuwapo, alikuwa na mama, na akitajwa, watoto wa jirani wanaweza kupata chandarua, chanjo au wodi ambayo yeye hakuipata.

Mambo ya kukumbuka

1. Taja watoto wote uliowazaa wakiwa hai: walio nawe, walio kwingine na waliofariki.
2. Aliyeishi dakika chache naye ni wa kuhesabiwa.
3. Kama hujazaa, sema hujazaa. Usikubali nafasi tupu.
4. Usijibiwe na jirani, na mtoto wa kulea usimchanganye na wa kuzaa.
5. Kwa muuguzi, eleza pia mimba zilizoharibika na watoto waliofia tumboni.
6. Andikisha kila kizazi na kila kifo.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Ni kwa nini katika familia zetu watoto waliofariki hawatajwi?
2. Tunaweza kufanya nini mtaani ili mwanamke asiye na mtoto asione haya kuhesabiwa?
3. Katika kikundi chetu, ni watoto wangapi ambao bado hawajaandikishwa? Nani atawasindikiza wazazi wao kwa naibu wa chifu wiki hii?

Mkimaliza, mpeni jirani kijitabu hiki. Hadi tutakapokutana tena, walindeni watoto, na mjilinde nanyi.